Picha Niliyoilaza Kifudifudi

Katika klabu yetu ya picha pale Kolwezi, picha yenye kosa haikuchanwa wala haikurudishwa kwenye bahasha. Ililazwa. Jaji aliyeona kosa aliinyanyua kutoka mezani, akasema sababu yake kwa sauti, mara moja tu, kisha akaigeuza uso chini. Baada ya hapo jaji mwingine hakuwa na ruhusa ya kuigusa. Aliyeilaza peke yake ndiye aliyeweza kuiamsha, na hata yeye ilimbidi afanye hivyo kabla karani hajamaliza kuandika sababu na kufunga kalamu. Kalamu ikifungwa, basi.

Sheria hiyo ililetwa na mtu mmoja aliyekuwa jaji wetu mkuu, fundi wa labo ya picha ya kampuni ya mgodi. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kupiga picha kuta za mashimo ya mgodi, ili mainjinia waone kama zinateleza, na kupiga vichwa vya wafanyakazi kwa ajili ya kadi zao. Jumapili alikwenda kwenye maji yaliyokusanyika katika mashimo ya zamani, akalala kifua chini kwenye udongo mwekundu tangu alfajiri, akingoja ndege. Baba yake aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaoa Kolwezi. Kasai hakuwahi kufika hata siku moja. Lugha ya huko aliizungumza na mkewe tu, na mkewe alimcheka matamshi.

Nilimjua kwa sababu ya picha mbovu. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza, nilitaka tu kuona reli inaishia wapi. Nikafika Dilolo, nikauza chumvi na samaki wakavu mpakani. Nikapanda lori hadi Musumba, nikakaa huko misimu miwili nikitengeneza baiskeli. Nikarudi nyumbani Musonoi, nje kidogo ya Kolwezi, na kamera niliyopewa na mtu badala ya baiskeli, nikatundika shuka ukutani na kuanza kupiga picha za vitambulisho. Siku moja ndege alitua juu ya kamba ya shuka, nikampiga. Alitoka mweusi kama kaa la moto lililozimika. Nikaibeba picha hiyo hadi labo ya kampuni kuuliza kwa nini. Watu wengine mle ndani walicheka. Yeye alinivutia kiti.

"Ulipima mwangaza ya mbingu," aliniambia. "Haukupima ya ndege. Ndege iko muntu mudogo mu nyumba mukubwa. Uliza ye kwanza."

Tangu siku hiyo nilirudi kila wiki. Alinifundisha kukaa kimya, jambo ambalo walimu wangu wote walishindwa kunifundisha. Zaidi ya yote alinifundisha habari ya kiota. Kiota, alisema, ni nyumba yenye pazia, na pazia lake ni majani. Ukitaka kupiga picha, unavuta tawi taratibu kwa uzi, unalifunga pembeni, unahesabu dakika kumi, unaliachia lirudi mahali pake. Wapo waliolikata. Picha yao ilipendeza, na kesho yake makinda walikuwa wamekufa kwa jua au wamechukuliwa na kipanga. Kwa hiyo picha ya namna hiyo ilikuwa ya kwanza kulazwa, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Alinionyesha jinsi ya kuitambua. Pazia likiwapo, mwangaza huanguka kwa madoa, kama manyoya ya kanga. Pazia likiondolewa, mwangaza huanguka bapa, kama juu ya bati. Ukiona mwangaza bapa, tafuta kidonda cheupe cha tawi. Hakikosekani. "Mwenye kukata pazia hatumupe kibao," alikuwa akisema, na sisi sote tuliijua sentensi hiyo kama amri ya katekisimu.

Kibao ndicho kilichokuwa zawadi. Kila mwaka, mvua zilipokuwa zinaanza, klabu ilifanya shindano la picha za ndege. Picha iliyoshinda ilitundikwa katika ukumbi, kwenye ukuta unaotazama mlango, na chini yake kibao cha shaba kilichokatwa katika karakana ya kampuni na kuchongwa jina la aliyeipiga. Jaji hakuruhusiwa kushindana. Kwa hiyo mtu aliyejua ndege kuliko sisi sote hakuwa na jina lake ukutani. Nilimuuliza mara moja kama haimuumi. Akasema atashindana siku watakayomwondoa kwenye ujaji kwa uzee, na kwamba kabla ya kufa angependa watoto wake wapite mlango ule wasome jina lao.

Halafu mambo yakaanza kuanguka. Mishahara ilichelewa, kisha ikasahauliwa. Wanajeshi walipora maduka, Wazungu wengi wakaondoka, labo ikakosa karatasi. Na baada ya hayo yakaja maneno ya redioni na ya mikutanoni, kwamba njaa yetu ililetwa na watu wa Kasai, warudi kwao. Vijana wakapita mlango kwa mlango. Waliofukuzwa walikwenda kwenye stesheni ya reli, na vitanda, na cherehani, wengine hata na milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao, wakakaa pale kungoja treni ambayo ilikuja ilipopenda. Walikaa majuma, kisha miezi. Walizaa pale, walizika karibu na pale.

Fundi alitolewa katika nyumba yake siku ya Jumanne. Mama mmoja aliyeuza mikate karibu na shuka langu ndiye aliyeniambia: yuko stesheni na mkewe na watoto, hata kamera ya labo wamemnyang'anya, amebaki na ile yake ya zamani.

Sikwenda. Nilisema nitakwenda kesho, na kesho nikasema hivyo hivyo. Barabara yangu ya kutoka Musonoi kwenda mjini ilipita karibu na stesheni. Nikaanza kupita njia ya nyuma ya karakana, ambayo ni ndefu zaidi. Waliobeba chakula kuwapelekea wale watu waliulizwa wao ni watoto wa nani. Mama yangu alikuwa wa kaskazini mwa Katanga, mkoa wetu wenyewe; wangeniuliza mara moja wakaniacha nipite. Hilo nililijua wakati ule ule, si leo.

Shindano lilifanyika hata hivyo. Mwenyekiti mpya wa klabu alikuwa mkubwa wa ofisi fulani, aliyepata cheo chake baada ya mwenye cheo hicho kupelekwa stesheni, na alitaka ionekane kwamba mambo yanakwenda bila wale walioondoka. Jina la fundi alilikata kwenye orodha ya majaji. Mahali pake akaniweka mimi. Niliposikia, nilifurahi. Nilinunua shati.

Tulikuwa majaji watatu. Padri mzee, Mzungu aliyekataa kuondoka na wenzake, aliyefundisha habari za mimea na wanyama kwa miaka mingi na kupiga picha za korongo tangu ujana. Mama mmoja wa chumba cha radiografi hospitalini, aliyezoea kusoma filamu za mifupa, na ambaye nyumbani kwake alikuwa na picha za ndege wa bustani kuliko mtu yeyote. Na mimi. Ilikuwa alasiri, joto la kabla ya mvua. Picha zilikuwa chache kuliko miaka mingine, maana filamu haikupatikana. Kila moja ilikuwa na namba tu; majina yalikuwa kwenye karatasi iliyokunjwa chini ya mkono wa karani.

Mwanzoni tulicheka kidogo. Padri aliisogeza picha ya korongo hadi puani, akasema: "Hii inasimama sawa padri mwenye anangoja sadaka."

Mama akanyanyua ya pili, korongo yule yule amevimba shingo. "Na hii sawa padri mwenye alishakula."

Padri ndiye aliyeuliza, bado anatabasamu, rafiki yetu wa labo hatakuja hata kutazama? Mwenyekiti alikuwa amesimama dirishani. Alijibu bila kugeuka.

"Hapa tunapima ndege, padri. Bilulu banapimwa ku gare."

Gare ni stesheni, na bilulu ni wadudu. Ndivyo walivyoitwa wakati ule, hadharani, hata na watoto. Mkono wa mama wa radiografi ulisimama juu ya meza. Padri alifuta miwani yake. Mimi niliangalia picha zilizo mbele yangu, na iliyo mbele yangu ilikuwa namba kumi na moja.

Ilikuwa ya kiota. Ndege mdogo wa mkia mrefu, mwekundu kama kutu, ingawa picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kikombe chake cha majani na utando wa buibui, amefungua mabawa yote mawili juu ya makinda watatu. Hakuwa anaruka wala anatua. Alikuwa anawakinga jua. Na jua lilianguka bapa. Nikatafuta kidonda, nikakiona: tawi nene limekatwa kwa panga, na jingine, na jingine. Pembeni mwa picha kulikuwa na kijivu kilichotanda, ambacho nilikichukulia kuwa ukungu wa filamu iliyopitwa na muda.

Sikuhitaji hata dakika moja. Niliinyanyua, nikasema: "Kiota kilifunguliwa. Mwangaza iko bapa, matawi balikata na panga. Na filme ilishika ukungu."

"Ngoja kwanza, tata," mama wa radiografi alisema, akiniita baba kwa heshima. "Ule ndege haiogope. Angalia jicho yake. Muntu akikuya na panga, ndege haisimame vile."

Nilipaswa kuangalia. Nilipaswa pia kujiuliza ni mpiga picha gani anayekata matawi manene kama mkono, mengi hivyo, kwa ajili ya kiota kidogo kama kiganja. Lakini nilikuwa na shati jipya na kiti cha mwalimu wangu, na nilitaka waone kwamba nakijaza.

"Mwenye kukata pazia hatumupe kibao," nikasema. Nilisema hata kwa sauti yake, taratibu, kama alivyokuwa akisema yeye.

Nikailaza.

Kwa sheria nyingine ya fundi, kila mshindani aliandika nyuma ya picha mahali alipoipigia, asije mtu akadanganya kwa kumpiga ndege wa kufungwa. Sisi majaji tulisoma migongo baadaye, mwisho. Lakini picha ikilazwa, mgongo wake unakuja juu. Kiganja changu kilikuwa bado kimeishika karatasi, na kati ya vidole vyangu niliona maneno ya penseli: *Gare ya Kolwezi, mti wa avoka.*

Nilijua mwandiko. Herufi zimesimama wima, ndogo, za mtu aliyezoea kuandika kwenye kingo za filamu.

Kila kitu kilinijia kwa pamoja, kama picha inapotokea ndani ya dawa. Kijivu kilikuwa moshi. Watu wale walikuwa wanapika bukari, ugali wetu, na hawakuwa na makaa, na walikuwa wamekata mti walioukuta. Yeye hakukata kitu. Hakuwa jaji tena, sisi wenyewe tulikuwa tumemtoa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza aliruhusiwa kushindana, na alikuwa ameileta picha yake kwenye ukuta ule kabla ya treni kumchukua.

Kalamu ya karani ilikuwa wazi. Mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuigeuza. Neno lilikuwa moja tu: naiamsha. Niliinua macho, na mwenyekiti alikuwa amegeuka kutoka dirishani. Labda alikuwa ananitazama mimi, labda alikuwa anatazama saa ya ukutani nyuma yangu. Mpaka leo sijui.

Niliondoa mkono. Karani alifunga kalamu.

Picha iliyofuata ilikuwa ya bata.

Alishinda mdiria, picha ya mhasibu mmoja, safi, haina kosa. Kisha karani akakunjua karatasi na kusoma majina kwa namba. Alipofika kumi na moja alisita, akasoma. Mama wa radiografi alinitazama. Padri aliweka miwani mezani akauliza kama kuna namna ya kuiamsha, kwa kuwa mwenye picha ni mtu wetu.

Mwenyekiti aliuliza kwa upole: "Sheria ni ya nani, padri?"

Wote tulijua ni ya nani.

Ilibaki desturi moja. Picha iliyolazwa ilirudishwa kwa mwenyewe na mkono wa jaji aliyeilaza, na jaji alimwambia tena sababu usoni. Hiyo pia ilikuwa ya fundi; alisema mtu asiyeweza kusema kosa mbele ya mwenye picha asiliseme mezani. Kwa hiyo Jumapili asubuhi nilikwenda stesheni. Njia fupi.

Mti ule wa parachichi ulikuwa nyuma ya ghala la mizigo, au kilichobaki cha mti: shina, na panda moja tu upande wa mashariki yenye matawi yake madogo. Chini yake palikuwa na masufuria, na blanketi zilizofungwa kwenye fito, na mtoto aliyekohoa bila kupumzika. Fundi alikuwa ameketi juu ya sanduku. Alikuwa amekonda, na ndevu zimetoka nyeupe. Aliponiona alisimama, akanishika mikono yote miwili, hakuuliza nilikuwa wapi majuma yote yale.

Kisha akaona bahasha.

"Balilaza," akasema.

"Ndiyo, tata."

"Nani aliilaza? Padri? Macho yake iliisha."

"Ni mi."

Alikaa tena. Nikatimiza desturi. Nilisema yote kama nilivyoyasema mezani: mwangaza bapa, matawi kwa panga, ukungu. Alitikisa kichwa kukubali kwa kila moja.

"Ukungu," alisema. "Ule ni maharagi ya bibi yangu." Mkewe, aliyekuwa akichochea moto, aliinama zaidi juu ya sufuria. Kwetu bibi ni mke.

Alinionyesha panda iliyobaki. Alieleza kwamba wanawake ndio waliokata mti, kidogo kidogo kila siku, na siku moja mmoja wao alipanda na panga akakuta kiota. Akashuka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa panda ile, ingawa walikuwa wanatembea mbali sana kutafuta kuni, na mvua ya kwanza ilikuwa imelowesha kila kitu. Hawakukubaliana kwa mkutano. Waliiacha tu. Hicho ndicho alichotaka kionekane ukutani, jina lake likiwa chini yake.

"Na batoto ya ndege?" niliuliza.

"Mbili iliruka. Moja ilibakia." Aliangalia juu kwenye panda. "Usilie, mudogo. Ulifanya sawa nilikufundisha. Mi pia ningeilaza."

Nikaitoa picha kwenye bahasha.

"Kama ulisoma mugongo, ungeiamsha," akasema. "Lakini nani anasomaka mugongo mbele ya kalamu kufunga? Nilifanya sheria mubaya. Mugongo ingesomwa kwanza."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Alikuwa ananitazama kwa macho yale yale aliyonitazama nayo siku aliponivutia kiti, nami nilikuwa na maneno mdomoni: tata, niliusoma. Mkewe alileta bukari kidogo na maharage kwenye kifuniko cha sufuria. Nikala. Nilikula chakula cha watu wenye njaa, nikasema ni kitamu, na nikamwacha ajilaumu kwa sheria yake.

Nilipoaga nilitaka kumwachia picha. Alikataa. "Chunga we. Wagon haina bati, mvua itaiharibisha."

Treni ilikuja majuma matatu baadaye, mabehewa ya kubebea madini, wazi juu. Nilikuwa nimekwenda Dilolo, nilijipa safari. Tulisikia kwamba wengi walikufa njiani, wazee na watoto wadogo hasa. Nimeuliza habari zake kila nilipokwenda, kwa madereva, kwa masista, kwa wafanyabiashara wanaotoka Kasai, na nimekwenda mahali pengi. Wengine husema walimwona, lakini nikiwauliza anashikaje kamera, wananieleza mtu mwingine.

Klabu nayo haikudumu. Miaka michache baadaye nilipita nikakuta ukumbi hauna milango wala madirisha, na ukuta ule umebaki na alama za misumari. Vibao vya shaba viling'olewa vikauzwa kwa uzito, pamoja na nyaya. Nimejaribu kujifariji kwamba hata jina lake lingekuwapo lingekwenda na mengine. Haifariji. Lingekaa pale siku ile ya treni.

Picha ninayo. Imehama nami vyumba visivyohesabika, imekuwa ya manjano, na moshi ule sasa umeenea karibu nusu yake, sijui kama ni karatasi inayozeeka au ndivyo ulivyokuwa. Ndege bado amefungua mabawa. Watu wakiiona huniuliza ni ya wapi, nami huwaambia waigeuze wasome wenyewe. Penseli haijafutika.